Ule Nini Kabla ya Kuendesha Baiskeli Alfajiri? Ulinganisho wa Njia Nne

Anayetoka na baiskeli saa 12 asubuhi ana tatizo ambalo anayetoka jioni halijui. Wa jioni ameshakula mara mbili au tatu na chakula kimekwisha kusagika. Wa asubuhi ametoka kulala, hajatia kitu mdomoni kwa saa nane au kumi, na muda alio nao kati ya kitanda na barabara mara nyingi haufiki hata saa moja. Akila sana, chakula kinamrudia kooni kwenye mlima wa kwanza. Asipokula, huenda akaishiwa nguvu kabla ya kufika nusu ya safari. Na akiamua kuamka mapema zaidi ili ale na kusubiri chakula kishuke, anaulipia uamuzi huo kwa usingizi.

Makala hii inalinganisha njia nne ambazo waendesha baiskeli wengi huzizunguka: kutoka bila kula, kula kitu kidogo dakika chache kabla ya kuondoka, kunywa wanga badala ya kuutafuna, na kula kifungua kinywa kamili saa mbili au zaidi kabla ya safari. Kila moja ina mahali pake, na mtu yule yule anaweza kuhitaji tatu kati ya hizo ndani ya wiki moja.

Kinachopungua usiku, na vigezo vya kulinganishia

Mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni katika sehemu mbili kuu, yaani misuli na ini. Misuli ya mtu mzima huweza kubeba takribani gramu 300 hadi 500, na ini gramu 80 hadi 100 hivi. Unapolala misuli imetulia, kwa hiyo akiba yake hubaki karibu vile vile ulivyoiacha jioni. Ini halitulii: usiku kucha linatoa glukosi, yaani sukari, kidogo kidogo kwenye damu ili ubongo, ambao peke yake hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, usikose chakula chake. Ndiyo maana mtu aliyekula vizuri jioni huamka akiwa na misuli yenye akiba ya kutosha na ini lililopungukiwa sana.

Tofauti hiyo inastahili kushikwa vizuri, kwa sababu inabadilisha swali lenyewe. Chakula cha alfajiri hakina kazi ya kuijaza misuli upya. Hiyo ilikuwa kazi ya chakula cha jioni. Kazi yake ya kwanza ni kulirudishia ini sehemu ya kilichotoka usiku, ili sukari ya damu isishuke mapema. Vilevile aliyelala bila kula, au aliyefanya mazoezi makali jioni kisha akala kidogo, asitarajie kwamba ndizi moja ya asubuhi itaziba pengo hilo.

Vigezo nitakavyotumia kwa kila njia ni hivi: kiasi cha nguvu inachotoa, yaani wanga kwa gramu, namna tumbo linavyokipokea chakula hicho, muda na usumbufu wa maandalizi, nikihesabu humo usingizi unaopotea, na mwisho, mtu na safari ambayo njia hiyo inafaa. Kigezo cha tumbo kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, damu huelekezwa zaidi kwenye misuli na kupungua utumboni, na mkao wa kuinama juu ya usukani hulibana tumbo kwa muda wote wa safari. Mafuta na nyuzinyuzi hukawia tumboni, ilhali vitu vya majimaji hupita haraka kuliko vigumu. Chakula kinachosifiwa kuwa cha afya mezani, kwa mfano mkate wa ngano isiyokobolewa wenye siagi ya karanga, kinaweza kuwa mzigo kikiliwa nusu saa kabla ya mlima.

Njia ya kwanza: kutoka bila kula

Kwa upande wa nguvu, njia hii inategemea akiba iliyolala misulini pamoja na mafuta ya mwili. Kwa safari ya saa moja, hata saa moja na nusu, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, akiba hiyo humtosha mtu mzima mwenye afya aliyekula vizuri jioni. Mambo hubadilika unapoongeza kasi, kwa sababu kadiri unavyokaza ndivyo misuli inavyodai wanga zaidi na ndivyo mafuta yanavyoshindwa kutoa nguvu kwa haraka inayotakiwa. Mazoezi ya vipindi vikali yakifanywa bila kula mara nyingi huishia kuwa mazoezi ya wastani yanayochosha kuliko kawaida.

Kwa tumbo, hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii. Kwa maandalizi vilevile: unaamka, unakunywa maji, unaondoka. Usingizi unabaki wote.

Wengi huichagua kwa sababu nyingine, nayo ni kupunguza uzito. Ni kweli kwamba ukiendesha bila kula, sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya safari hiyo hutoka kwenye mafuta. Lakini mafuta yanayotumika ndani ya saa moja ya safari si hesabu ya uzito; uzito huamuliwa na jumla ya unachokula na unachotumia kwa siku na kwa majuma, na anayetoka na njaa kisha akarudi kula maradufu hajapunguza chochote. Wapo makocha wanaopanga kwa makusudi baadhi ya safari nyepesi za asubuhi bila chakula ili kuuzoesha mwili kutumia mafuta vizuri zaidi. Hiyo ni mbinu halali ya mazoezi, mradi ibaki kwenye safari nyepesi na isigeuzwe kuwa desturi ya kila siku.

Hatari yake ni ile hali ya kuishiwa nguvu ghafla, nayo huja kwa dalili ambazo aliyewahi kukutana nazo hazisahau: miguu inazunguka lakini haisukumi, gia uliyoizoea inakuwa nzito kwenye barabara tambarare, mikono inatetemeka kwenye usukani, jasho la baridi linatoka, na akili inaanza kuchelewa kuamua unapofika kwenye makutano ya barabara. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nishauri kwamba hata anayetoka bila kula aweke kitu chenye sukari kwenye mfuko wa jezi yake. Kitu hicho hakina uzito wa kumzuia mtu, na kikikosekana, njia ya kurudi nyumbani hurefuka na kuwa ya hatari.

Inamfaa mtu mzima mwenye afya, safari fupi na nyepesi, na yule ambaye tumbo lake kwa hakika halikubali kitu alfajiri. Haimfai mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari, isipokuwa kwa mpango alioupanga na daktari wake; haimfai mjamzito, wala kijana anayekua, wala mtu aliyewahi kuwa na matatizo ya kujinyima chakula.

Njia ya pili: kitu kidogo kabla tu ya kuondoka

Hapa tunazungumzia gramu 25 hadi 50 za wanga rahisi. Ndizi moja ya ukubwa wa kati ina takribani gramu 27. Kipande kimoja cha mkate mweupe chenye kijiko kikubwa cha asali hufika kama gramu 30, na vipande viwili vyenye asali hiyo hiyo huenda gramu 45. Kiasi hicho kinatosha kulisaidia ini na kuilinda sukari ya damu katika saa ya kwanza, na ndiyo sababu naiona njia hii kuwa mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu asiyejua aanzie wapi.

Kuhusu tumbo, aina ya chakula ina maana kubwa kuliko wingi wake. Chukua ndizi. Ikiwa bado ina ubichi karibu na kikonyo, sehemu kubwa ya wanga wake haijageuka kuwa sukari, na nyingine haisagiki utumboni hata kidogo, hupita hadi kwenye utumbo mpana na kuleta gesi. Ikiwa ganda limejaa madoa ya kahawia na nyama yake inabonyea kwa kidole, wanga karibu wote umekwisha kuwa sukari, na tumbo halina kazi kubwa ya kufanya. Ndizi ambayo wengine wangeiona imepitiliza ndiyo inayomfaa mtu anayeondoka baada ya dakika 15. Kwa mkate pia, mweupe hushinda wa ngano isiyokobolewa kwa saa hiyo, ingawa katika milo mingine ya siku ningeshauri kinyume. Siagi, jibini na siagi ya karanga zisubiri urudi.

Jambo moja huwatatiza baadhi ya watu. Ukila wanga dakika 30 hadi 60 kabla ya kuanza, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, huwa imepanda wakati ule ule misuli inapoanza kuvuta glukosi, na kwa pamoja vinaweza kuishusha sukari ya damu kwa muda katika dakika za mwanzo. Wengi hawahisi lolote, na hata kwa wanaopatwa nayo, mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe bila kuathiri safari. Lakini ukijikuta unakuwa mwepesi wa kichwa kila unapokula wakati huo, sogeza chakula karibu zaidi na kuondoka: ukile ukiwa umesimama unajaza upepo kwenye magurudumu, au maliza nusu yake dakika chache baada ya kuanza kuendesha.

Maandalizi ni ya dakika mbili, na usingizi haupotei. Njia hii inafaa safari za saa moja hadi mbili, mazoezi makali yasiyozidi saa moja, na hata safari ndefu, mradi mwendeshaji aendelee kula njiani. Haitoshi kwa mtu anayeanza mashindano marefu bila kupata nafasi ya kula mapema.

Njia ya tatu: kunywa wanga

Wapo wasioweza kutafuna kitu alfajiri, ila kunywa wanaweza. Chupa ya nusu lita iliyokorogwa kwa gramu 30 za sukari, chumvi kidogo na limau inatoa wanga wa ndizi moja pamoja na maji ambayo mwili unayahitaji kwa vyovyote. Ukolezi huo ni wa asilimia 6, na hukubaliwa na matumbo mengi. Ukikoleza kupita asilimia 8, tumbo huanza kuchelewa kutoa maji hayo, na baadhi ya watu hupata kichefuchefu. Juisi nyingi za matunda zina sukari ya takribani asilimia 10 au zaidi, hivyo ni busara kuzichanganya nusu kwa nusu na maji. Maziwa ni kinywaji kizuri, lakini yana mafuta na protini zinazoyachelewesha, na wasioweza kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa, watayajutia barabarani.

Kuna jambo la kuvutia kuhusu njia hii. Mwaka 2004 watafiti Carter, Jeukendrup na Jones walichapisha utafiti wa waendesha baiskeli waliosukutua kinywaji chenye wanga kisha wakakitema bila kumeza, katika jaribio la kasi la kama saa moja, na matokeo yao yakawa bora kwa karibu asilimia 3. Inaonekana kinywa huutambua wanga na kuujulisha ubongo. Kwa anayetoka na tumbo lisilokubali chakula kwa kipindi kifupi na kikali, hata mafunda machache yana maana.

Kinachokosekana hapa ni kushiba. Kinywaji hakizuii njaa kwa muda mrefu, na meno yanayolowa kwenye sukari kila siku huharibika, kwa hiyo suuza kinywa kwa maji baadaye. Njia hii inawafaa wenye tumbo jepesi, wanaotoka haraka, na walio kwenye joto kali.

Njia ya nne: kifungua kinywa kamili

Mwongozo unaotumika sana katika lishe ya michezo ni gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili, zikiliwa saa 1 hadi 4 kabla ya mazoezi yanayozidi saa moja. Kadiri muda ulivyo mfupi ndivyo kiasi kinavyopungua: saa moja kabla, gramu 1 kwa kilo, saa mbili kabla, gramu 2.

Namba hizo ni rahisi kuandika na ngumu kula. Mtu wa kilo 70 aliye na saa mbili anahitaji gramu 140. Uji wa oti uliopikwa kwa gramu 80 za oti kavu una kama gramu 53. Ongeza ndizi moja, gramu 27. Vijiko viwili vikubwa vya asali, gramu 34. Na glasi ya juisi ya mililita 250, gramu 26. Hapo ndipo gramu 140 zinapotimia, nalo ni bakuli kubwa ambalo mtu aliyeamka sasa hivi hulitazama kwa mashaka. Pia lina nyuzinyuzi zinazofika gramu 10 hivi, kiasi ambacho tumbo jepesi halitakipenda. Mwenye tumbo hilo abadilishe oti kwa wali mweupe au mkate mweupe na jamu. Waendeshaji wa kulipwa huula wali kwa wingi asubuhi ya mashindano kwa sababu hii: wanga mwingi, nyuzinyuzi kidogo, hakuna la kushangaza tumbo.

Mayai huulizwa kila mara. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, gramu 5 za mafuta, na wanga usiofika gramu moja. Kwa hiyo yai hushibisha, lakini halilipi ini deni la usiku. Yai au mawili pamoja na mkate, saa mbili au tatu kabla ya safari ndefu ya polepole, hayana ubaya. Nusu saa kabla ya mlima, hapana.

Kwa nguvu, njia hii haina mpinzani. Kwa tumbo, inategemea kabisa kusubiri. Na gharama yake ni usingizi: kuondoka saa 12 kunamaanisha kuwa mezani saa 10 usiku. Siku ya mashindano ya saa nne, gharama hiyo inalipika. Kwa safari ya kawaida ya Jumamosi, siamini kwamba saa mbili za usingizi zinafaa kubadilishwa na bakuli la uji, hasa kwa kuwa kilichomo bakulini kinaweza kubebwa mfukoni.

Vinavyoambatana na njia zote

Kula njiani ndiko kunakozipunguzia njia hizi tofauti zake. Kwa safari ya saa moja hadi mbili na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Kwa ndefu zaidi, waliouzoesha utumbo hufika gramu 90 kwa saa kwa kuchanganya glukosi na fruktosi (sukari ya matunda), ambazo hupita kwenye milango tofauti ya utumbo. Aliyekula kidogo nyumbani na akaanza kula ndani ya nusu saa ya kwanza huwa hajapoteza mengi mbele ya aliyeamka usiku wa manane.

Kahawa husaidia wengi. Kiasi kinachotajwa zaidi ni miligramu 3 hadi 6 za kafeini kwa kilo ya mwili, kama saa moja kabla, lakini kikombe kimoja au viwili, chini ya kiasi hicho, huwatosha watu wengi. Kahawa pia huamsha utumbo mpana, kwa hiyo inywe mapema ili umalize haja nyumbani. Maji yasisahauliwe: mililita 300 hadi 500 tangu kuamka hadi kuondoka, kwa mafunda ya polepole.

Kuchagua kulingana na hali

Ukiwa na saa moja au pungufu ya mwendo mwepesi na ulikula vizuri jioni, toka na maji, au kahawa ukipenda, na weka kitu kitamu mfukoni.

Ukiwa na saa moja yenye vipindi vikali, kula ndizi iliyoiva au kipande cha mkate na asali ndani ya dakika 15 za mwisho. Kama huwezi kutafuna, kunywa nusu ya chupa ya kinywaji chenye wanga na uimalize njiani.

Safari ya saa mbili hadi tatu inakupa uhuru. Ukiamka mwenyewe mapema na njaa, kula bakuli dogo la uji saa moja na nusu kabla. Ukiamshwa na saa ya kengele, usijinyime usingizi, kula vipande viwili vya mkate na asali kisha anza kula tena kabla ya nusu saa kupita.

Kwa mashindano au safari ya saa nne na zaidi, amka kwa ajili ya kifungua kinywa kamili, na kiwe kile ulichokwisha kukijaribu katika mazoezi kwa wingi ule ule na muda ule ule. Chakula kipya, hata kikisifiwa namna gani, kisianzie siku hiyo.

Aliyelala na njaa, kwa sababu yoyote, asichague njia ya kwanza hata kama safari ni fupi. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kupanda baiskeli na abebe glukosi mahali anapoweza kuifikia bila kusimama.

Na yule ambaye kila anachokula alfajiri humrudia, aongeze wanga kwenye chakula cha jioni, aondoke na chupa yenye sukari ya asilimia 6, aende taratibu dakika 20 za mwanzo akinywa mafunda madogo, kisha ajaribu kula kitu kigumu tumbo likishaamka, maana wengi wasioweza kula nyumbani huweza kula wakiwa barabarani.